Dirty Loops na Loopified: kwa nini Baby ya Bieber inakupasua kichwa ila albamu yao "iko poa" tu

Kila nikimtumia mtu video ya zamani ya Dirty Loops, ile wanayopiga Baby ya Justin Bieber, jibu linakuwa lilelile, anaandika "hawa ni watu kweli?" halafu anapotea siku mbili, kumbe yuko YouTube anazimaliza zote. Akirudi namtumia Loopified, albamu yao ya kwanza, ya mwaka 2014, ananijibu "iko poa". Basi. Watu walewale watatu, mikono ileile, na ukihesabu ufundi uliomo kwenye albamu haupungui hata kidogo, sasa imekuwaje ya mtoto Bieber inampasua kichwa na za kwao wenyewe zinakuwa "poa"?

Jibu ninalo, ila inabidi tuzunguke kidogo, tupite Stockholm, tupite Los Angeles, na katikati hapo tupige do re mi. Usiogope, kama umewahi kukaa kwaya hata mwezi mmoja utaelewa kila kitu.

Kwanza wenyewe. Ni bendi ya Uswidi, Jonah Nilsson anaimba na kupiga vinanda, Henrik Linder yuko kwenye besi (besi ya nyuzi sita, sio nne kama tulizozoea), na Aron Mellergård kwenye dramu. Gitaa hakuna. Wamejuana tangu ujana, wamepita Södra Latin, ambayo ni sekondari ya pale Stockholm inayojulikana sana kwa muziki, halafu chuo kikuu cha muziki cha hukohuko, na bendi wakaianzisha 2008. Walikuwa ni wapigaji wa kukodiwa, yaani wale unaowaona nyuma ya msanii jukwaani huwajui hata majina, na mpigaji wa aina hiyo aliyesoma jazi miaka yote halafu kila wikiendi anapiga kodi nne zilezile za pop usiku mzima, mwisho anachoka. Wao walipochoka hawakuacha pop. Walizichukua nyimbo hizohizo, Just Dance ya Lady Gaga, Baby ya Bieber, Rolling in the Deep ya Adele, Circus ya Britney Spears, wakazifumua na kuzishona upya kwa kujifurahisha, wakajirekodi wakaweka mtandaoni mwanzoni mwa miaka ya 2010. Wanamuziki wa dunia nzima wakaanza kutumiana.

(Nikisema kodi hapa sio ile ya TRA. Ni sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja, ile anayoishika mpiga kinanda kwa vidole vyake mkono wa kulia wakati nyie mnaimba.)

Sasa twende kwenye hizo kodi maana ndipo siri ilipo.

Baby ya Bieber, ile yenyewe ya 2010, imejengwa na kodi nne tu zinazozunguka. Kinanda cha kanisani chochote kinazijua, tunaita moja-sita-nne-tano, yaani kodi ya do, kodi ya la maina, kodi ya fa, kodi ya so, halafu unarudi do. Pambio ngapi zinapita humohumo? Huwezi kuzihesabu. Ni mzunguko mzuri, haumchoshi mwimbaji, na sikio la msikilizaji linajua linapoelekea kabla halijafika, ndio maana mtoto wa miaka sita anaweza kuimba kiitikio baada ya kukisikia mara moja.

Walichofanya Dirty Loops ni hiki, sauti ya mwimbaji wameiacha ilipo ila kila kilicho chini yake wamekibadilisha. Chukua nota moja tu, do. Imba do, ishikilie hivyohivyo usiisogeze. Mpiga kinanda akiweka kodi ya do chini yake, unasikia umefika nyumbani. Akiweka la maina, ni do ileile lakini imeingia huzuni kidogo. Akiweka fa, imekuwa kama ya ibada. Hizo tatu ndizo za kawaida, maana do imo ndani yake kihalali. Sasa akishusha la nusu sauti halafu ajenge kodi meja juu yake, do bado imo, ni sauti ya tatu ya hiyo kodi, lakini hiyo kodi sio ya ukoo wa wimbo, imetoka nje, na wewe uliyeshikilia do ghafla unajisikia kama umehamishwa nyumba ukiwa umelala. Akienda re maina akaongeza ya saba juu, hiyo ya saba ni do yako. Na akishuka re iliyopunguzwa nusu, meja yenye saba, hapo do yako inakwaruzana na msingi wa kodi kwa nusu sauti, inauma kidogo, ila ni utamu ule wa ukwaju.

Nota ni moja, nyumba sita. Mwimbaji hajasogea hata hatua.

Hiyo ndiyo kazi ya kubadilisha kodi, na hawakuigundua wao, wapiga piano wa jazi wamekuwa wakizifanyia hivyo nyimbo za jukwaani za Broadway tangu enzi za bebop, ile jazi ya kasi ya miaka ya 1940. Upya wa Dirty Loops ni kiasi na mahali. Kiasi, kwa sababu wanabadilisha karibu kila pigo, kodi moja ya Bieber inazaa nne tano za kwao, na besi ya Linder haikai chini kushika msingi tu, inajibu, inakimbia, inapigwa kwa dole gumba na kung'utwa kwa kidole mpaka unadhani ni ngoma yenye nyuzi. Na mahali, kwa sababu dramu za Mellergård pamoja na fujo zote hizo zinakaa kwenye mdundo wa klabu, ule wa kucheza. Hapa ndipo wanapotofautiana na wanajazi wengi wanaochukua wimbo wa pop halafu wanaupoza, wanaweka brashi kwenye dramu, wanafanya muziki wa lobi ya hoteli. Dirty Loops wanaacha vitu viwili bila kuvigusa, tuni juu na mdundo chini, miguu yako iko disko, na katikati yake wanachoma moto kila kitu.

Nimewahi kumwona jamaa mmoja mpiga kinanda, hapa Dar, ambaye alikuwa ametoka kuzitazama hizi video wiki nzima, akajaribu kuiingiza ile la iliyoshushwa kwenye mstari wa mwisho wa tenzi Jumapili asubuhi. Sauti ya kwanza wakaendelea. Tenor wakanyamaza kabisa, wakamgeukia. Mwalimu wa kwaya hakusema kitu pale, alisema baadaye. Lakini ukiangalia vizuri tukio lile ndilo linaeleza kila kitu kuhusu hii bendi, kwa sababu kodi ile iliwashtua wale kwa sababu moja tu, walikuwa wanajua kodi gani ilitakiwa kuja pale. Kama ungekuwa wimbo mpya, hawaujui, wangeimba tu walichofundishwa.

Shika hilo, tutalirudia. Kwanza tuangalie kwa nini vitu hivi viwili, jazi ya shule na pop ya klabu, vikutane Stockholm na sio sehemu nyingine.

Uswidi ina watu kama milioni 10 tu lakini kwenye nyimbo za pop za Marekani mkono wao umo kila mahali, na wengi hatujui. Studio iliyoitwa Cheiron pale Stockholm, ya prodyuza Denniz PoP, miaka ya 1990 ndiyo iliyopika Backstreet Boys na Britney Spears, na mwanafunzi wake Max Martin mpaka leo bado anatoa namba moja. Denniz PoP alifariki 1998, studio ikafungwa 2000, ila mtindo ukabaki: tuni ndiyo mfalme, kila silabi imepimwa, kiitikio kinafika mapema, kodi zisiwe na makeke. I Want It That Way ya Backstreet Boys ya 1999 imeandikwa na Max Martin akiwa na Andreas Carlsson, huyo naye wa Cheiron. Jina la Carlsson liweke pembeni linarudi sasa hivi. Na hata ile Just Dance ya Lady Gaga ya 2008, prodyuza wake ni RedOne, Mmoroko aliyehamia Uswidi akiwa kijana na kujifunzia kazi hukohuko. Kwa hiyo Dirty Loops walipoichukua Just Dance watu wakasema jamani Waswidi wamechukua wimbo wa Marekani, kumbe nusu yake ulikuwa unarudi nyumbani.

Upande wa pili ni jazi, na Waswidi kwenye jazi sio wageni wala wajukuu. Stan Getz, mpiga saksafoni Mmarekani, alienda kule 1951 akarekodi wimbo wao wa kienyeji, Ack Värmeland du sköna, dunia ikaujua kwa jina la Dear Old Stockholm, mwaka uliofuata mpiga tarumbeta Miles Davis naye akaurekodi. Mwaka 1964 mpiga piano Jan Johansson akatoa Jazz på svenska, yeye na mpiga besi Georg Riedel basi, watu wawili tu, nyimbo za kijijini za Uswidi zimepigwa taratibu kwa piano, na ikawa ndiyo albamu ya jazi iliyouzika kuliko zote nchini kwao. Mwaka huohuo Monica Zetterlund, mwimbaji wao, akarekodi na mpiga piano Mmarekani Bill Evans pale Stockholm. Prodyuza Mmarekani Quincy Jones naye amefanya kazi kule, 1958 alirekodi na bendi kubwa ya Harry Arnold, na hilo nalo lishike. Halafu ikaja e.s.t., bendi ya watu watatu ya Esbjörn Svensson, ambayo ilijaza kumbi kwa jazi iliyopigwa kwa mitambo na taa kama bendi ya roki. Svensson akafariki Juni 2008 akiwa anazamia baharini, mwaka uleule ambao hawa wetu walianzisha bendi. Sisemi kwamba kuna uhusiano, nasema tu ndivyo ilivyoangukia.

Ukimwangalia Johansson vizuri utaona kitu. Alichukua tuni ambayo kila Mswidi aliimbiwa na bibi yake, hakuigusa, akabadilisha kilicho chini yake. Yaani ni kazi ileile ya Dirty Loops na Bieber, tofauti ni kwamba yule alikuwa mpole kama theluji na hawa ni fataki.

Na vitu hivi viwili vinakaa mtaa mmoja kwa sababu ya shule. Kule halmashauri ndizo zinaendesha shule za muziki za watoto, jambo lililoenea baada ya vita kuu ya pili, mtoto wa mtu wa kawaida anajifunza ala kwa ada ndogo. Matokeo yake wanaotunga pop na wanaopiga jazi mara nyingi wametoka kwenye madarasa yaleyale, na kazi ya kukodiwa inawakutanisha tena ukubwani. Hapa kwetu mtoto akitaka kujua kinanda bila hela njia ni kanisani, au ana mjomba kwenye bendi ya dansi. Haya tuendelee.

Andreas Carlsson, yule wa Backstreet Boys, akaziona video. Akawachukua, akawa meneja wao na mtunzi mwenzao, na kupitia kwake wakafika kwa David Foster, ambaye wakati huo ndiye alikuwa mkuu wa Verve. Sasa angalia majina haya yalivyokaa. Verve ni lebo iliyoanzishwa 1956 na Norman Granz, ni nyumba ya mwimbaji Ella Fitzgerald, jazi tupu. David Foster, mtu wa Canada, ni yule prodyuza wa I Will Always Love You ya Whitney Houston, lakini kabla ya kuwa mzee wa nyimbo za mapenzi alikuwa mmoja wa watunzi wa After the Love Has Gone ya Earth, Wind & Fire, 1979, na wimbo huo ukijaribu kuupiga kinanda utajua hujui. Unahama ufunguo mara kadhaa, yaani do yenyewe inahamia mahali pengine, na msikilizaji wala hashtuki, anadhani ni wimbo tu wa kuachana. Ule ndio muziki wa Los Angeles wa mwisho wa miaka ya 70 na mwanzo wa 80, wapigaji wa studio waliosoma jazi wanatengeneza pop inayong'aa ambayo ndani yake kuna mitego, bendi ya Toto nayo imo humo, na nchi zilizoupenda mno muziki huo kuliko hata wenyewe ni Skandinavia na Japani.

Kwa hiyo mtu akikuambia Loopified inasikika kama ya zamani, hajakosea. Sinti zake (vinanda vya umeme) zimekaa kama tarumbeta za Earth, Wind & Fire, Nilsson anapanda juu na kuteremka na sauti kwa staili ya Stevie Wonder, na albamu ilitoka Japani kwanza, kisha baadaye ndio ikafika kwingine. Kuna wimbo humo unaitwa Sayonara Love. Sayonara ni kwaheri ya Kijapani, kwa hiyo hata bila kuulizwa wameshataja soko lao.

Haya sasa, albamu yenyewe.

Inafunguliwa na Hit Me, na kama hujawahi kuwasikia anza nayo, maana ndani ya dakika nne wamekuonyesha kila kitu walicho nacho, besi inakimbia, kodi zinapanda ngazi mbilimbili, na kiitikio ni cha Cheiron kabisa, kifupi, kinakamatika. Sexy Girls ni dansi tupu, mashairi yake siwezi kuyatetea, nayo sio yenyewe tu, albamu nzima maneno yake ni ya kujazia nafasi, mapenzi, klabu, unaniumiza, nakutaka, yaani hapo Carlsson alileta kiwanda lakini hakuleta malighafi. Lost in You ni nzuri sana na watu wanaipita. It Hurts ni ya taratibu, hapo unamsikia Nilsson kama mwimbaji tu bila kelele, na ni mwimbaji haswa.

Halafu kuna Wake Me Up. Hii sio yao, ni ya Avicii, Mswidi mwenzao, ya 2013, ilipigwa dunia nzima mwaka huo mpaka kwenye bajaji. Na wewe jaribu jambo moja, mpe mtu albamu nzima asikilize bila kumwambia chochote, halafu muulize wimbo gani umemshika. Mimi nimejaribu kwa watu kama sita au saba hivi, karibu wote wanataja huohuo.

Tunarudi kwa tenor walionyamaza. Wimbo unaoujua unapopigwa na Dirty Loops unasikia nyimbo mbili kwa mpigo, mmoja unatoka kwenye spika na mwingine unatoka kichwani mwako, ule wa asili, na raha yote iko kwenye nafasi kati ya hizo mbili. Kodi ya ajabu inaonekana ya ajabu kwa sababu unajua ilipotakiwa kukaa ile ya kawaida. Bieber, Gaga na Avicii wamefanya nusu ya kazi bila kujua, wamempandia msikilizaji ule wimbo wa kwanza miezi mingi kabla. Kumbe kwenye Hit Me au Sayonara Love hakuna wimbo wa kwanza. Hakuna mtu aliyewahi kuusikia kwa kodi nne za kawaida. Kwa hiyo zile kodi zote ngumu, ambazo kwa mwanamuziki ni uchawi, kwa msikilizaji wa kawaida ndizo zenyewe kodi za wimbo, hajui kwamba kuna kitu kimepindishwa, anaona tu ni wimbo uliochangamka sana na umemchosha kidogo hajui kwa nini.

Nao nadhani walilijua tatizo hilo, sio wajinga hawa. Ukisikiliza kwa makini utaona nyimbo nyingi kiitikio cha kwanza kinakuja kimetulia kiasi, wanakufundisha kwanza, halafu kikirudi mara ya mwisho ndio wanakigeuza kodi au wanahamisha ufunguo, yaani wanajitengenezea wenyewe ile kumbukumbu ambayo kwa Bieber waliikuta tayari. Ni njia sahihi, Foster ameitumia maisha yake yote. Shida ni muda. Dakika moja ya kufundisha haiwezi kulingana na mwaka mzima wa redio, daladala, harusi na simu ya jirani.

Kuna wanaosema kosa ni la studio, kwamba albamu imesuguliwa mno, tabaka za sauti nyingi, zile video ulikuwa unaona vidole na huku huoni. Kuna ukweli, mimi mwenyewe ningependa besi ipumue zaidi kuliko ilivyobanwa. Lakini hilo peke yake halitoshi, maana Wake Me Up imesuguliwa na studio ileile na bado inakamata.

Baada ya hapo wakakaa kimya kirefu kwa upande wa rekodi, mpaka 2020 walipotoka na Phoenix, kazi fupi, ambayo kwa masikio yangu nyimbo zao wenyewe zimekaa vizuri kuliko za 2014, kodi ngumu zimepangwa mahali pachache na zinapewa nafasi ya kusikika, na sauti ya watu watatu chumbani imerudi. Mwaka uliofuata wakatoa Turbo pamoja na Cory Wong, mpiga gitaa Mmarekani, ndio gitaa likaingia. Humo wamepiga Thriller ya Michael Jackson, ambayo prodyuza wake unamjua, ni Quincy Jones, yuleyule wa Stockholm ya 1958, na mzee huyo alikuwa shabiki wao mkubwa.

Basi ukitaka kuisikiliza Loopified na uipate, usianze na albamu. Imba Baby mwenyewe kwanza, kwa kodi zake nne, hata kwa mluzi, kisha weka ya kwao. Halafu Wake Me Up hivyohivyo, ya Avicii kwanza. Ndipo uweke Lost in You, na usiisikilize mara moja, iache izunguke siku tatu nne ukiwa unaosha vyombo mpaka kiitikio kikutoke mdomoni bila kujijua. Siku hiyo ikilia tena ndio utazisikia kodi.